Bei ya Jana Si Ahadi ya Kesho
Hotuba ya Kamati ya Fedha, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama kumi na wanane chini ya mwembe, kila mmoja na shilingi mia kwa wiki. Wengine walitucheka. Leo wanaotucheka wanaomba fomu.

Kamati ya Fedha tumepewa nusu saa tuzungumze kuhusu hisa. Tunajua baadhi yenu mkisikia neno hilo mnakunja uso, na mna haki. Mwaka 2021 sisi wenyewe wa kamati ndio tuliosimama hapa mbele tukawashawishi. Basi leo tumekuja kutoa hesabu ya lile jambo, na kueleza tulichojifunza. Mkutano mkuu ujao mtaulizwa tena kama sehemu ya akiba yetu iingie kwenye hisa au isiingie. Hatutaki mtu ainue mkono kwa kuwa jirani yake ameinua.

KOSA LETU

Tuanze na lililotuuma. Mwaka ule alikuja mtu akatuonyesha karatasi moja. Karatasi ilikuwa na mstari unaopanda kama ngazi: hisa ya kampuni fulani ilikuwa shilingi 20, ikawa 24, ikawa 27, ikafika 30. Miezi kumi na miwili tu. Akatuambia, mkichelewa mtainunua 40. Kampuni hatuitaji jina, kwa sababu haikutudanganya. Karatasi nayo haikusema uongo. Kila bei iliyoandikwa pale ilikuwa ya kweli.

Tulichokosa kuuliza ni hiki: kwa nini mstari unaanzia pale? Ulianzia katikati ya mwaka 2020. Mnakumbuka mwaka huo, jamani. Korona ilithibitishwa nchini mwezi wa Machi, na watu waliokuwa na hisa wakakimbilia kuuza, bei zikaanguka. Karatasi yetu ilianza kuhesabu kutoka chini ya shimo. Ukianza kuhesabu ukiwa shimoni, kila hatua ni ya kupanda. Kama tungeomba bei za miaka mitano badala ya mwaka mmoja, tungeona kwamba hisa ile ilishawahi kufika 30 mara mbili, na mara zote mbili ikarudi chini.

Tulinunua hisa 6,000 kwa shilingi 30. Hiyo ni shilingi 180,000. Mwaka 2023 wenzetu wanne walihitaji fedha zao kwa karo na matibabu, na sanduku la mikopo lilikuwa tupu. Ikabidi tuuze. Bei siku hiyo ilikuwa 17. Tukapata 102,000, na kabla ya hapo tulikuwa tumepokea gawio la shilingi 9,000. Hasara ikawa 69,000, bado ada za wakala hatujazitia. Mmoja wa wale wanne ni mama ambaye mtoto wake alichelewa muhula mzima kurudi shule. Mama huyo yuko hapa leo, na hakuwahi kutulaumu mbele ya watu. Sisi tunajilaumu, ndiyo maana tumesimama hapa.

BEI ZA NYUMA NI NINI

Baada ya hapo tuliamua kujifunza. Binti wa mwenzetu anayesoma uhasibu alitusaidia, na tukawa tunakwenda maktaba kufungua magazeti ya zamani, kurasa za biashara. Tukaona kwamba jambo lenyewe si la wasomi peke yao.

Muuza nyanya wa Kongowea hatazami bei ya jana tu. Anajua kreti lilikuwa bei gani wakati wa mvua, bei gani wakati wa kiangazi, na mwaka wa mafuriko ilikuwaje. Hayo anayoyabeba kichwani ndiyo bei za nyuma. Kwenye hisa ni hivyo hivyo, ila yameandikwa. Kila siku ambayo soko liko wazi, kila kampuni huandikiwa mambo machache: bei ya kufungulia, bei ya juu kabisa ya siku, bei ya chini kabisa, bei ya kufungia, na idadi ya hisa zilizouzwa. Soko letu la Nairobi liko tangu mwaka 1954, kwa hiyo maandishi hayo ni mengi.

Lakini nyanya ina msimu, hisa haina. Masika yatakuja tena mwakani. Hakuna mwezi uliopangwa wa hisa kupanda. Kwa hiyo bei za nyuma hazikuambii kesho itakuwaje. Zinakuambia jambo jingine lenye faida kubwa: hisa hii ikiamua kuanguka, huwa inaanguka kiasi gani, na huchukua muda gani kuinuka. Ukijua hilo, unajua kama moyo wako na mfuko wako vinaweza kuvumilia.

MFANO MMOJA, WATU WATATU

Tuchukue hisa ambayo karibu kila nyumba inaijua, Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni kumi kwa wananchi na wawekezaji, kila moja shilingi 5. Mnakumbuka foleni. Watu waliuza mbuzi, wengine walikopa benki. Walioomba walikuwa wengi kuliko hisa zilizokuwapo, kwa hiyo wengi wakapata sehemu tu ya walichoomba. Tarehe 9 Juni 2008 hisa zikaanza kuuzwa sokoni, na siku za mwanzo zikapita shilingi 7.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni mwa 2009 hisa ile ile ilikuwa chini ya shilingi 3. Ikainuka, ikaanguka tena, na mwisho wa 2011 ilikuwa karibu na 3. Kufikia mwisho wa 2013 ilishapita 10. Mwaka 2021 ikapita 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15.

Mtu wa kwanza alinunua kwa 5 kwa fedha ya mkopo. Benki ilipomdai mwaka 2009 akauza chini ya 3. Huyo amepoteza zaidi ya shilingi mbili kwa kila tano, na riba ya benki juu yake. Mtu wa pili alinunua kwa 5 hizo hizo kwa fedha ambayo hakuihitaji, akakaa kimya, akauza kwa 40 mwaka 2021. Fedha yake ilizaa mara nane, mbali na gawio. Mtu wa tatu alinunua kwa 40 kwa kuwa aliona wa pili ametajirika, na mwisho wa 2023 hata 15 hakupata. Kampuni ni moja, na bei zote zimeandikwa kwenye kitabu kimoja. Tofauti yao ni siku waliyoingia, na kama fedha yenyewe ilikuwa na haraka au haikuwa nayo.

Hapa kuna hesabu inayowapotosha wengi. Kitu kikishuka nusu, hakirudi palepale kwa kupanda nusu. Shilingi 100 ikishuka nusu inakuwa 50. Ili 50 irudi kuwa 100 ni lazima iongezeke maradufu. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Imeshuka asilimia hamsini, lakini mwaka huu imepanda asilimia hamsini, tumerudi," mwambie bado: 50 na nusu yake ni 75.

TAZAMA SOKO ZIMA

Kuna kipimo kinachoitwa NSE 20, kinachofuata bei za kampuni ishirini pamoja. Kilianza mwaka 1966 kwa alama 100. Februari 1994 kilipita 5,000, na watu walidhani neema imeshuka. Mwaka 2002 kilikuwa kimeporomoka hadi karibu 1,000. Januari 2007 kikapita 6,000. Mwanzoni mwa 2009 kikawa chini ya 3,000.

Kwa nini tunawachosha na namba hizi? Kwa sababu ukiona hisa yako imeanguka, ni vizuri kujua kama imeanguka peke yake au soko zima limeanguka. Mashua zote zikishuka, maji yamekupwa. Mashua yako ikizama peke yake wakati nyingine zinaelea, ichunguze, huenda imetoboka.

Na mkumbuke, aliyeingia Februari 1994 kwa kuwa kila mtu anashangilia, miaka minane baadaye bado alikuwa analia. Miaka minane ni karibu umri wote wa kikundi hiki.

KISA CHA CHETI CHA HISA

Sasa tuwape kisa ambacho mwenyewe ametupa ruhusa tukisimulie bila kumtaja. Mama mmoja kati yetu alifiwa na mumewe. Akikusanya vitu vya marehemu alikuta bahasha, ndani yake cheti cha hisa 300 na kipande cha gazeti kinachosema hisa hiyo ni shilingi 120. Kwa hesabu ile, shilingi 36,000. Akamwonyesha mtu mmoja anayemwamini. Yule bwana akatazama simu yake, akasema, "Pole mama, siku hizi ni shilingi 40. Kampuni imeanguka. Nipe hicho cheti nikupe 12,000, nitahangaika nacho mwenyewe." Hiyo ilikuwa mwaka 2022. Mama alikuwa na deni la duka na alikuwa karibu kukubali. Bahati nzuri siku ya pili ilikuwa siku ya kikundi, akatuuliza.

Tukaenda maktaba, tukafuata bei za kampuni ile mwaka baada ya mwaka. Tukakuta jambo la ajabu: siku moja imefunga 130, siku iliyofuata inauzwa 26. Hakuna kampuni inayoungua moto usiku mmoja namna hiyo bila gazeti kusema neno. Tukatafuta kurasa za habari, tukaona maelezo: kampuni ilikuwa imekata kila hisa moja kuwa tano. Gawa 130 kwa tano, unapata 26. Hakuna aliyepoteza kitu. Ni kama kuwa na noti ya mia tano ukaichenji ikawa noti tano za mia.

Basi hisa 300 za marehemu zilikuwa zimekuwa 1,500. Mara 40, ni shilingi 60,000. Wala kampuni haikuanguka: ile 120 ya gazeti ukiigawa kwa tano ni 24, na sasa ni 40. Ilikuwa imepanda! Mama alifuata hati ya urithi mahakamani, akamwandikia msajili wa hisa wa kampuni, hisa zikaingizwa kwenye akaunti ya CDS kwa jina lake. Ilichukua miezi, na tuliandamana naye kila safari. Kisha tukagundua magawio ya miaka mingi hayakuchukuliwa, yamepelekwa kwa ile mamlaka ya mali isiyodaiwa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Hayo nayo akayafuata. Aliuza hisa 500, akalipa deni akaezeka nyumba, na 1,000 anazo mpaka leo.

Mambo kama hayo si nadra. Equity, kwa mfano, ilikata hisa moja kuwa kumi mwaka 2009. Mtu anayelinganisha bei ya kabla na ya baada bila kujua, atadhani benki ilikufa. Ndiyo maana ukipewa bei za zamani, uliza: hizi zimerekebishwa kwa ajili ya kukatwa kwa hisa na hisa za bonasi, au zimeachwa kama zilivyoandikwa siku ile? Majibu yote mawili yanafaa, mradi ujue umepewa lipi. Na wenye vyeti vya wazee wenu sandukuni, msiviuze wala msivitupe kabla ya kuuliza.

YALE AMBAYO BEI HAISEMI

Bei ikisimama palepale miaka mitatu, usiseme hukupata kitu. Huenda ulilipwa gawio kila mwaka. Na bei ikishuka kidogo baada ya kampuni kufunga daftari la wanaostahili gawio, usishtuke. Anayenunua baada ya hapo hapati gawio hilo, kwa hiyo analipa pungufu. Ukihesabu faida au hasara, jumlisha gawio, toa ada.

Tena shilingi yenyewe inachakaa. Shilingi 5 ya mwaka 2008 ilinunua vitu ambavyo leo hainunui. Hisa iliyobaki bei ileile miaka kumi imekula fedha yako taratibu.

Tazama pia idadi ya hisa zilizouzwa. Kampuni nyingine bei yake inaonekana nzuri gazetini, lakini kwa siku zinauzwa hisa mia mbili tu. Hiyo bei ni ya kusoma. Siku ukitaka kuuza hisa 6,000 hutampata mnunuzi, au utampata kwa bei yake.

Na kuna siku bei haiandikwi kabisa. Hisa za Kenya Airways ziliuzwa kwa umma mwaka 1996 kwa shilingi 11 na senti 25. Mwezi wa Julai 2020 zikasimamishwa kuuzwa sokoni, na hazikurudi mpaka Januari 2025. Kwa zaidi ya miaka minne mwenye nazo hakuweza kuziuza hata kama ana mgonjwa. Uchumi nayo ilisimamishwa mwaka 2006 na kurudi mwaka 2011. Anayekuonyesha orodha ya kampuni zilizofanikiwa muulize, zilizosimamishwa na zilizofungwa ziko wapi kwenye orodha yako? Wanaosimulia safari ya bahari ni wale waliorudi.

MASWALI MATANO

Basi wenzetu, kamati tumeyafupisha yote haya kuwa maswali matano. Yameandikwa ndani ya jalada la daftari la kikundi, na hakuna atakayeleta pendekezo la hisa bila kuyajibu mbele ya wote.

1. Bei hizi ni za miaka mingapi, na kwa nini zimeanzia hapo? Chini ya miaka mitano hatutazami. Tunataka miaka kumi.
2. Je, hisa iliwahi kukatwa au kutolewa bonasi, na bei zimerekebishwa?
3. Gawio lilikuwa kiasi gani kila mwaka, na kuna mwaka halikutolewa?
4. Kwa siku zinauzwa hisa ngapi?
5. Fedha hii tutaihitaji lini?

La tano ndilo kubwa. Kosa letu la 2021 halikuwa karatasi peke yake. Tulichukua fedha ya karo tukaiweka mahali pa fedha ya uzeeni. Hata kama kampuni ni nzuri, fedha yenye haraka haifai kuwa huko.

Kwa hiyo pendekezo la kamati kwa mkutano mkuu ni hili. Robo tatu ya akiba ibaki kwenye mikopo yetu na kwenye sako, ipatikane wakati wowote. Isiyozidi robo moja, na iwe ya wanachama waliotia sahihi kwamba hawataigusa miaka mitano, iweze kununua hisa. Isinunue siku moja. Igawanywe sehemu sita, mwezi kwa mwezi, ili tusinase juu ya kilele. Na asiyetaka, asilazimishwe wala asisemwe. Wenye maswali ya dini kuhusu aina fulani za kampuni, wapewe nafasi ya kuuliza wanaojua kabla ya kura.

Tangu 2023 binti zetu wawili wanaandika bei za kufungia za kampuni nane kila Ijumaa kwenye daftari la mistari. Hakuna aliyewalipa. Daftari hilo liko pale mezani karibu na mahamri, tafadhali lifungueni kabla hamjaondoka. Mtaona wiki za kupanda na wiki za kushuka, mpaka mzoee. Tuliponunua mwaka 2021 hatukuwa na daftari. Tulikuwa na karatasi moja ya mtu mwingine.

Kwa yule mama ambaye mtoto wake alichelewa shule: kamati imekubaliana kwamba ada yetu ya vikao ya mwaka huu, badala ya kutulipa sisi, iende kwenye mfuko wa karo, na wale wanne wawe wa kwanza kuuomba. Si malipo ya kutosha. Ni njia yetu ya kusema tumesikia.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaongeza: kibaba kikijaa, kitazame kisivuje. Tunawatakia miaka kumi mingine yenye heri.